Maji ya Visima Yapimwe Kabla ya Mgodi Kufunguliwa



Kila tunapokaa mezani na mwajiri wa mgodi wa makaa ya mawe, tunazungumza mshahara, posho, viatu na kofia. Ni haki yetu. Lakini lipo jambo ambalo hatuliandiki katika madai yetu, nalo ni maji yaliyo chini ya ardhi tunayoichimba. Kosa hilo ni letu, na lazima tulisahihishe.

Miaka iliyopita tulifika kijiji kilicho karibu na mgodi mmoja. Akina mama wakatueleza kuwa kisima chao kimekauka tangu mahandaki yaliposogea upande wao. Tukamwendea meneja. Akajibu kuwa ni ukame tu. Tukakosa la kusema, maana hakuna aliyepima kina cha kisima kile kabla ya uchimbaji kuanza. Akina mama walikuwa na neno lao, mwajiri na lake, na mwenye nguvu akashinda. Wengi wa akina mama hao walikuwa wake za wachimbaji.

Mambo yenyewe si magumu kuyaelewa. Handaki likishuka chini ya usawa wa maji, maji huingia humo, na pampu huyatoa usiku na mchana. Visima vya jirani navyo hushuka. Tena, katika makaa mengi mna payiriti, yaani chuma kilichoungana na kiberiti. Payiriti ikipata hewa na maji hutoa tindikali. Mgodi ukifungwa na pampu zikizimwa, maji hupanda, hujaza mahandaki, na mwisho hutokeza mabondeni yakiwa na rangi ya kutu. Wakati huo kampuni imekwisha ondoka, sisi tumebaki.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameyaona. Mwezi Januari 2012 maji ya mji wa Carolina yaliharibiwa na tindikali ya migodi ya makaa. Wananchi walikaa miezi bila maji salama ya bomba, hata tarehe 10 Julai Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamuru wapelekewe maji katika saa 72. Lakini katika jimbo hilo hilo, mjini eMalahleni, mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kusafisha maji ya mahandaki ya makaa hata yakafaa kunywewa. Basi mtu asituambie kwamba haiwezekani.

Na si maji ya kunywa tu. Tarehe 21 Machi 1973, huko Lofthouse, Uingereza, maji ya mashimo ya zamani yaliwavamia wachimbaji, wakafa watu 7. Kumbukumbu za mashimo hayo zilikuwepo, ila hazikutazamwa. Mwaka 1979 zikatoka kanuni za kuzuia ajali za namna hiyo. Kwa hiyo anayepima maji analinda kisima cha mkewe na pia roho yake mwenyewe.

Tunapendekeza kila tawi lidai haya:

Kwanza, visima vya kupimia vichimbwe kuuzunguka mgodi, na vipimwe walau mwaka mzima, kiangazi na masika, kabla ya uchimbaji.

Pili, kina, tindikali, chuma na chumvi za kiberiti vipimwe kila mwezi, na mjumbe wa wafanyakazi na mjumbe wa kijiji wawepo.

Tatu, matokeo yabandikwe ubaoni kwa lugha tunayoisoma.

Nne, fedha za kutunza maji baada ya mgodi kufungwa ziwekwe kando mapema, mahali ambapo kampuni haiwezi kuzigusa.

Wako wenzetu wanaoogopa kuwa tukidai hivi mwajiri atafunga mgodi. Tunawajibu: gharama ya kuchimba visima vichache ni ndogo mbele ya thamani ya makaa yanayotoka. Mwajiri anayeshindwa kupima maji anajua atakachokikuta.

Makaa ya Kiwira kwa ndugu zetu Watanzania, na ya Livingstonia huku kwetu Malawi, yamo katika mabonde ambayo mito yake huingia ziwa moja. Maji hayaulizi pasi mpakani. Basi na vyama vyetu visiulizane pasi katika jambo hili.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tuyapime yangali safi.