Mas-ala ya Nyumbani: Mbwa wa Kutoka Ng'ambo

Ndugu zetu wasomaji, twawaomba mtusikilize mwezi huu katika jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona dogo, walakini limekaribia kuitia mfarakano nyumba moja ya Kiislamu.

Tumeletewa barua na bwana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Asema ana kijana wake afanyaye kazi Ujerumani. Kijana huyo amemwahidi dadake, binti wa miaka 12, kwamba atakapokuja likizo atamletea mtoto wa mbwa wa aina ya Siberian Husky, yule mwenye manyoya mazito na macho ya buluu ambaye watoto wetu humwona katika simu. Binti amekwisha mpa jina na kumtengea kikapu. Nyanya yao, ambaye ndiye mwenye nyumba, ameapa kwamba siku mbwa atakapoingia kwa mlango wa mbele, yeye atatoka kwa mlango wa nyuma. Sasa binti yualia, nyanya hasemi naye, na baba atuuliza: Je, tumlete au tusimlete? Na nikimkataza mwanangu, nimwambie nini zaidi ya kusema kwamba mbwa ni haramu?

Swali hilo la mwisho limetupendeza mno, kwani wengi wetu tumezoea kulifunga jambo hili kwa neno moja, nalo si jambo la neno moja.

Kwanza tuitazame sharia. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini najisi hiyo hupita kwa umajimaji: mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hapana linalohitaji kuoshwa. Wanavyuoni wa Kihanafi wasema kwamba kilicho najisi ni mate yake, si mwili wake. Na kwa Imamu Malik, mbwa aliye hai ni tahiri, na kuosha chombo mara saba ni ibada tuliyoamrishwa. Basi mtu asifanye haraka kuwahukumu wenziwe wa miji mingine.

Ama kumfuga, yamepokewa na Bukhari na Muslim maonyo ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na thawabu za amali zake kila siku kwa kadiri ya kirati, na katika mapokezi mengine kirati mbili, isipokuwa mbwa wa kuchunga wanyama, wa kuwinda, au wa shamba. Imamu Nawawi ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni kwamba mbwa wa kulinda nyumba naye hukisiwa juu ya hao watatu. Na imepokewa vilevile kwamba malaika hawaingii nyumba iliyo na mbwa ndani yake.

Tazameni basi, ndugu zetu. Sharia haikumfukuza mbwa duniani. Imempa kazi na imempa mahali pake. Katika Sura ya Al-Maida twahalalishiwa windo la mbwa aliyefundishwa. Na katika Sura ya Al-Kahf, mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Hakuwa kitandani, wala hakuwa jaani akitupiwa mawe. Alikuwa mlangoni, na kazi yake yajulikana.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyu kijana wetu wa Ujerumani ni hili: Mbwa huyu yuaja kufanya kazi gani? Hapana kondoo wa kuchunga katika vichochoro vya Mji wa Kale, wala hapana windo. Wala Husky hakuumbiwa ulinzi. Ni mbwa mpole, humchangamkia hata mgeni. Basi jibu la kweli ni kwamba yuaja kutazamwa. Na hapo ndipo penye onyo la kirati.

Swali la pili twalionea uzito zaidi, nalo ni haki ya mnyama mwenyewe. Aina hii ya mbwa asili yake ni Siberia, huko Urusi, kwa watu wa kabila la Chukchi, ambao waliwafunza kuburuta mizigo juu ya theluji. Mwaka 1925 mji wa Nome, katika Alaska, ulipoingiliwa na ugonjwa wa dondakoo katikati ya kipusa cha baridi, na meli wala ndege hazikuweza kufika, dawa ilichukuliwa na mbwa kama hawa kwa kupokezana, njia ya zaidi ya kilomita 1,000, kwa muda wa siku tano na nusu. Watoto wa mji ule waliokolewa kwa mbio za wanyama hao. Mwenyezi Mungu amewavika manyoya ya tabaka mbili ili waweze kulala juu ya theluji wasidhurike.

Sasa mnyama huyo twataka kumleta Mombasa, na wakati wa kaskazi sisi wenyewe hutafuta upepo barazani usiku kucha tusiupate! Mbwa hatoki jasho mwilini kama mwanadamu. Hujipoza kwa kuhema na kutoa ulimi. Hewa inapojaa unyevu kama ya pwani yetu, kuhema huko humfaa kidogo tu, na joto likimzidi huweza kufa. Atafungiwa chumbani mchana kutwa, yeye ambaye maumbile yake ni kukimbia masafa. Mtoto atampenda, hapana shaka. Lakini mapenzi hayampunguzii mtu joto. Na tukumbuke hadithi ya yule mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mwenye kumfunga kiumbe amejitwika dhima yake yote.

La tatu ni safari na afya. Mbwa hawezi kutiwa katika ndege kama sanduku la zawadi. Hutakiwa idhini ya idara ya mifugo ya Serikali kabla hajaondoka huko, na cheti cha daktari wa wanyama, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Masharti haya si maudhi ya maofisa. Kichaa cha mbwa chaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishadhihiri, ni nadra mno mtu kupona. Kinga imejulikana tangu mwaka 1885, alipoitumia Louis Pasteur wa Ufaransa kwa mtoto aliyeumwa na mbwa, na hata leo wanaokufa ni wale wasioipata kwa wakati. Kwa hiyo kila mzazi na ajue: mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yapitayo na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku iyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.

La nne ni fedha. Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya mbwa, na kwa Imamu Shafi mauzo ya mbwa hayasihi. Imamu Abu Hanifa ameyajuzisha kwa mbwa mwenye manufaa. Kijana wetu asilipe chochote kabla hajamwuliza mwanachuoni juu ya jambo hili.

Basi jawabu letu kwa baba ni: Msimlete. Walakini twakuomba, ndugu yetu, usimwambie binti yako kwamba umemkataza kwa kuwa mbwa ni kiumbe cha kuchukiwa. Ukisema hivyo utakuwa umesema usilolijua. Mwambie kwamba mnyama yule ana kwao, na kumpenda ni kumwacha kwao.

Na hapa hatuna budi kukiri aibu yetu wenyewe. Miaka kadha iliyopita, mbwa jike mwenye kunyonyesha alikuja kunywa katika mfereji upitao maji ya udhu, nyuma ya madrasa yetu. Wanafunzi wetu wakamtupia mawe hata wakamvunja mguu. Sisi tulikuwa tumekaa pale pale, kitabu kimo mkononi, na hatukusema neno. Tulidhani nafsini mwetu kwamba watoto wale wana bidii ya dini. Kumbe kitabu tulichokishika kina hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Na masahaba walipouliza kama kuna ujira kwa wanyama, wakajibiwa kwamba upo kwa kila kiumbe chenye uhai. Mbwa yule aliondoka kwa miguu mitatu na kiu yake. Watoto wale leo ni watu wazima, na walichojifunza siku ile kwa kunyamaza kwetu hatuwezi tena kukifuta. Ndiyo maana twaandika.

Kwako wewe mwanetu, binti wa miaka 12: Mungu amekutia huruma moyoni, nasi hatutaki huruma hiyo ife pamoja na ahadi ya kaka yako. Kama nyanya ataridhia, fuga paka. Yeye ni tahiri, na Mtume wetu amesema ni katika wenye kutuzunguka majumbani. Kisha weka kibakuli cha maji nje ya nyumba wakati wa jua kali, mahali pasipopita watu, kwa wanyama wa mtaani. Usiwashike mbwa usiowajua, wala usimkaribie alaye au mwenye watoto. Na ukiona wenzio wameokota mawe, wewe uwe ndiye wa kusema neno tuliloshindwa kulisema sisi.

Kwako wewe kijana: fedha ulizotaka kumsafirishia mbwa mmoja zaweza kuwachanjia mbwa wengi wa nchi yako. Wataalamu wasema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 mahali fulani, ugonjwa hukatika mahali hapo, na katika wanaoumwa na mbwa wenye kushukiwa kichaa, 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hiyo ndiyo zawadi ya kumpa dadako na wenziwe. Na kama baba yako ana shamba na ahitaji mlinzi, mbwa wa kienyeji wapo, wamelizoea jua letu. Ajengewe banda lake huko shambani, alishwe, achanjwe, asipigwe.

Na kwako wewe mama yetu, mwenye nyumba: hukukosea kulilinda pahala pako pa sala. Lakini umeshinda sasa. Mwite mjukuu wako umpakate. Mtoto aliyelia kwa ajili ya mnyama hakufanya dhambi, na kumnunia kunaweza kumtoa katika nyumba ambayo wewe wataka malaika waingie.

Wasomaji wetu, kabla hatujatia kiumbe chochote majumbani mwetu, tujiulize mambo mawili: kazi yake kwetu ni ipi, na haki yake juu yetu ni ipi? Asiyeweza kujibu yote mawili na amwache mnyama alipo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote katika kheri. Amin. Wassalaam.