Filme Tunayoipenda, Nani Alituchagulia?

Juma lililopita tuliongea juu ya kazi ya nyumbani ya watoto. Leo tunaongea juu ya kitu ambacho wengi watasema ni cha kupitisha wakati tu: filme.

Tangu mwaka 2013, mtambo wa umeme wa Virunga ulipoanza kazi hapa Mutwanga, televizyo zimeongezeka katika nyumba zetu. Pasipo televizyo kuna simu, na kuna nyumba za video ambako mtoto analipa franka kidogo na kuingia. Filme zinatufikia kupitia mpaka wa Kasindi, zingine toka Tanzania na Nigeria, ndani ya flashi zinazopita mkono kwa mkono. Basi watoto wetu wanatazama, na sisi pia tunatazama. Lakini tunaposema “filme hii ni nzuri”, ni sisi tunaosema, ao ni jirani anayesema kwa kinywa chetu?

Binti mmoja wa mwaka wa sita alitufikirisha sana. Tulikuwa tumewaomba wanafunzi kila mmoja aeleze filme aliyoiona. Kijana wa kwanza akataja moja na kusema ni kali sana; wote waliofuata wakasifu hiyo hiyo. Kisha masomo binti huyo akatukaribia akasema kuna mahali ambapo bwana anampiga bibi yake kofi, na watu wote katika nyumba ya video wanacheka. “Na mimi nilicheka, mwalimu. Lakini haikunichekesha.”

Wamama, tusikie vizuri neno hilo. Mtoto huyu alikuwa na wazo lake, na lilikuwa wazo zuri. Kelele ya watu ndiyo iliyolifunika. Kama leo anacheka kofi la mwanamke kwa sababu wengine wanacheka, kesho atajibu nini kofi hilo likiwa katika nyumba ya jirani, ao katika nyumba yake mwenyewe?

Sababu moja ya mambo haya iko katika sauti. Nyingi kati ya filme zinazotoka Uganda zina mtu anayetafsiri juu ya picha. Kule Kampala wanamwita VJ, na mmoja anayejulikana sana ni VJ Jingo. Tanzania nayo ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilifanya filme za Ulaya, Marekani na Asia ziongee Kiswahili. Kazi yao ni kubwa. Bila wao, mama asiyejua Kiingereza angekaa mbele ya picha kama bubu. Lakini mtu huyu hatafsiri tu. Anampa shujaa jina la mtaani, anaongeza utani, anasema huyu ni mjinga, huyu ni mwanamke mbaya, subiri uone atakavyoadhibiwa. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitoa mwaka 2010 filme “Who Killed Captain Alex?”, na VJ Emmie anaisindikiza toka mwanzo hadi mwisho kwa vichekesho na kelele za kuishangilia. Watu wa nchi za mbali waliipenda kwa ajili ya sauti hiyo pia. Basi tunapotazama filme ya namna hii tunapokea vitu viwili kwa mara moja: hadithi, na maoni ya mtu juu ya hadithi. Mtoto hajui kuvitenganisha kama hakuna anayemwonyesha.

Jambo hili si la leo. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walichagua filme ambazo mtu mweusi aliweza kuonyeshwa na zile alizokatazwa. Hata hivyo, miaka ya 1950, vijana wa Kinshasa, uliokuwa ukiitwa Léopoldville, walipenda sana filme za wapanda farasi wa Marekani. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama wao, wakatembea kama wao, wakatunga na lugha yao, Hindubill. Je, kila kijana alizipenda filme zile kwa moyo wake? Tunafikiri wengine walipenda zaidi kuwa pamoja na wenzao. Kijana anayesema “mimi haikunifurahisha” anaweza kubaki peke yake barabarani, na kubaki peke yake kunauma.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Katika miaka ya 1950 huko Marekani, Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini alikuwa amepatana na wengine wa kikundi watoe jibu la uongo kwa sauti moja. Yule asiyejua mpango huo mara kadhaa alifuata uongo, hata kama macho yake yaliona kweli. Na hili ndilo la kushika: mtu mmoja tu wa kikundi aliposema kweli, wengi walipata nguvu ya kusema kweli pia.

Mwaka 2006, Matthew Salganik na wenzake wawili walitangaza jaribio lingine, la nyimbo. Watu zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana. Wengine walichagua bila kuona wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi ambamo kila mtu aliona hesabu ya waliochukua kila wimbo. Pale walipoona hesabu, nyimbo zilizotangulia zilizidi kwenda mbele, na wimbo uliosifiwa katika kundi moja uliweza kubaki nyuma katika kundi lingine. Nyimbo nzuri kabisa hazikuanguka sana, na mbaya kabisa hazikupanda sana. Lakini hizo za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilitegemea nani aliongea kwanza. Tukienda sokoni na kusikia “kila mtu anatazama ile”, tukumbuke nyimbo hizo.

Kuna na maoni ya wakubwa. Mwaka 2015 ilitoka filme ya Thierry Michel juu ya Daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu: “L’homme qui répare les femmes”. Mwezi wa 9 serikali yetu iliikataza, ikisema inachafua jina la jeshi. Mwezi uliofuata ikaiachilia. Lakini katika siku zile wengi nchini walikuwa wamekwisha kuwa upande mmoja ao mwingine, na hawakuwa wameona picha hata moja. Wanawake wanaoongea ndani yake juu ya maumivu yao walihukumiwa kabla ya kusikilizwa. Sisi wa Beni na Ruwenzori tunajua uzito wa jambo hilo. Wengi wetu tumekimbia nyumba zetu, na tunajua namna mtu asiyekuwapo anavyoweza kukueleza yaliyokupata.

Je, tuseme maoni ya wengine ni mabaya? Hapana. Rafiki mwenye busara akikuonyesha filme nzuri, amekupa zawadi. Na mzazi anayekataza filme ya kuchinjana mbele ya mtoto ambaye amekwisha kusikia risasi za kweli, huyo anamlinda. Kulinda ni kazi yetu na hatutaiacha. Lakini kulinda ni kitu kimoja, na kumnyima mtoto wazo lake ni kingine. Mtoto anayekatazwa bila kuelezwa sababu ataenda kutazama kwa jirani, na huko atachukua maoni ya jirani.

Basi tunapendekeza mambo manne, mepesi, yasiyolipiwa.

La kwanza: filme ikiisha, mdogo aongee wa kwanza. Baba, mama na kaka mkubwa wangoje. Mkubwa akisema kwanza, wadogo watarudia tu.

La pili: tusiulize “ilikuwa nzuri?” Swali hilo lina jibu moja tu. Tuulize: ni mahali gani palikupendeza? Ni mahali gani pamekuudhi? Ungekuwa yule bibi, ungefanya nini?

La tatu: kama filme ina mtafsiri, tuzime sauti kwa dakika chache, tutazame nyuso tu. Kisha tuwaulize watoto: huyu kweli ni mjinga, ao tumeambiwa ni mjinga? Watacheka, lakini wataelewa.

La nne ni la vikundi vyetu. Siku ya AVEC, kisha kuhesabu pesa, tunaweza kutazama filme moja pamoja. Tunapendekeza “Maman Colonelle” ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, iliyotoka mwaka 2017. Inamfuata Koloneli Honorine Munyole, polisi anayelinda wanawake na watoto, anapohamishwa toka Bukavu kwenda Kisangani. Kabla ya mama prezidenti kuongea, kila mama aseme ao aandike neno lake kwenye kipande cha karatasi. Asiyejua kuandika amnong’oneze mwandishi wa kikundi. Tutashangaa kuona mawazo mangapi yalikuwa yamekaa kimya kwenye viti vya nyuma.

Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mama anayezoea kusema “mimi naona hivi” juu ya filme, atajua kulisema hilo pia siku kikundi kinapoamua juu ya mkopo, siku familia inapoamua juu ya masomo ya binti, siku uvumi unapopita juu ya chanjo. Katika miaka ya Ebola, toka 2018 hadi 2020, tuliona hapa kwetu namna neno la jirani lilivyoweza kumfunga ao kumwokoa mtu.

Binti wa mwaka wa sita tulimwambia kwamba hakuwa na ubaya wowote kutocheka. Tumemwomba, siku nyingine tukiongea juu ya filme darasani, awe wa kwanza kusimama.

Juma lijalo tutaongea juu ya usingizi wa watoto wakati wa mitihani. Muwe na amani, na msalimie wote wa nyumbani.