MAUMIVU YASIYOISHA, MASHINE YA LEZA NA AMANA YA MWILI



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya swala ya Alfajiri mzee mmoja hapa Ujiji alinishika mkono akanivuta pembeni. Ni mvuvi wa zamani. Mgongo na magoti yamemweka nchi kavu, na huu ni mwaka wa tatu anaswali kwenye kiti. Akatoa simu akanionyesha tangazo. "Shehe, hebu niangalizie hii. Wanasema ni leza, haina kidonge wala sindano, inaondoa maumivu ya misuli, mishipa ya fahamu na viungo. Nataka kuuza wavu wangu niinunue. Ni halali?"

Swali la halali nilimjibu palepale, kwa sababu ni jepesi. Mwanga si najisi, si ulevi, si uganga. Na kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), aliyetufahamisha kuwa maradhi hayakuachwa bila tiba, ajuaye akajua na asiyejua asijue. Lililoninyima raha ni lile la wavu. Wavu ule anawapa vijana wanaingia nao ziwani, na fungu lake ndilo linalopika chungu nyumbani kwake. Ndiyo maana naandika.

Ewe unayesoma ukiwa mbali na ziwa, fahamu kwamba mji huu umebebwa na migongo ya watu. Zamani wapagazi walitembea kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji na mizigo mabegani. Leo nenda Kibirizi asubuhi uone vijana wanavyoshusha magunia na madumu ya mawese. Nenda Katonga uone kina mama walivyoinama tangu jua linachomoza, wanaanika dagaa, wanageuza, wanaokota, mpaka jua linazama. Na wavuvi wenyewe hukesha kwenye baridi na maji siku za giza wakivuta nyavu, wakapumzika mwezi unapokuwa mkali. Mtu wa kazi hizo akifika miaka hamsini, kila anapoinuka kutoka sijda unasikia anavyoguna.

Na sisi mashehe tumewakosea hapa, niseme ukweli. Mtu analalamika mgongo, tunamwambia "fanya subira" kisha tunapita. Nabii Ayyub (a.s.) alimlalamikia Mola wake kwa madhara yaliyompata, na juu ya hayo Qur'ani inamsifu kuwa ni mwenye subira. Tena alipojibiwa, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Mwenyezi Mungu angeweza kumponya bila maji. Akampa sababu aitumie. Basi mama anayesema goti linamuuma hajavunja subira yake, na mzee anayeswali kwenye kiti asitazamwe kwa jicho la pembeni. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa mgonjwa, akamuuliza Mtume (s.a.w.) aswali vipi, akaruhusiwa kukaa asipoweza kusimama, na kulala ubavu asipoweza kukaa.

Kwa kukosa wa kuwasikiliza, watu wetu wamekimbilia duka la dawa. Diklofenaki kimoja asubuhi, kimoja jioni, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, bila daktari kujua. Dawa hizi zina kazi yake zikiandikwa na mjuzi kwa muda wake. Lakini ukizila kila siku kwa miaka zinaweza kutoboa tumbo kwa vidonda, kupandisha presha na kuharibu figo. Na figo haikupi taarifa. Haiumi inapoanza kuharibika. Unakuja kujua miguu imevimba na unaambiwa habari za kusafisha damu. Halafu kuna zile chupa za "mizizi" zinazotuliza maumivu ya miaka kumi kwa nusu saa. Mzizi gani huo? Jiulize kilichochanganywa humo kabla hujanywa.

Kwa hiyo simshangai mzee wangu kuvutwa na maneno "bila dawa". Nami ningevutika.

Sasa leza yenyewe. Hii si ile inayotumiwa na madaktari wa upasuaji kukata. Ni mwanga mwekundu, au ule ulio karibu na mwekundu ambao jicho halioni, unaoelekezwa kwenye ngozi kwa dakika chache. Mwaka 1967 huko Budapest, Hungaria, daktari Endre Mester aliwamulika kwa leza panya walionyolewa, akitaka kujua kama mwanga huo unaleta saratani. Hawakupata saratani, ila manyoya yaliota upesi zaidi pale alipomulika. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakichunguza. Wanaeleza kwamba mwanga hupokelewa na mitokondria, vile vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya seli, na hilo huweza kupunguza uvimbe na maumivu. Namna hasa inavyofanya kazi bado wanajadiliana.

Je, inasaidia? Hapa nataka tuwe waadilifu. Mwaka 2009 jarida la tiba la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 16 yenye wagonjwa 820 wa maumivu ya shingo. Maumivu yalipungua baada ya tiba, na kwa wenye maumivu sugu nafuu iliweza kuendelea hadi wiki 22 baada ya kumaliza. Hiyo ni habari njema kwa anayebeba mzigo kichwani. Lakini kwa mgongo wa chini, ambao ndio kilio cha wengi hapa, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 yalisema ushahidi hautoshi. Kwa magoti majaribio yametofautiana, na sababu moja kubwa ni kipimo: aina ya mwanga, nguvu yake, dakika ngapi, sehemu gani. Mwanga nao una dozi kama kidonge. Ukiwa hafifu mno hakuna kitu. Tena si jambo la kumulikwa mara moja ukarudi nyumbani mzima. Ni vikao vingi, kwa wiki kadhaa, na wenye ujuzi huambatanisha na mazoezi ya viungo.

Kwa hiyo anayesema leza ni uongo mtupu amekosea. Na yule aliyemtumia mzee wangu tangazo akidai inaponya mgongo, magoti, ganzi, kiharusi, presha na nguvu za kiume kwa mashine moja ya mkononi, huyo namwambia amche Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la chakula, akakuta ndani kumelowa ilhali juu ni kukavu. Alimkemea muuzaji kwa maneno mazito mnayoyajua. Sisi watu wa dagaa tunalielewa hilo kuliko wengine. Tunamjua anayeweka mazuri juu ya gunia na mchanga chini. Tangazo la namna hii ni gunia hilohilo. Na fuqahaa, kwa kutegemea hadithi, wamesema anayejitia utabibu bila kuujua anabeba dhamana ya madhara atakayosababisha.

Jambo jingine limeniudhi zaidi: chini ya picha ya mashine waliandika Aya ya Nuru. Ndugu yangu mfanyabiashara, nuru ile si taa ya betri. Uza mashine yako kwa sifa zake.

Ewe ndugu yangu, kabla hujatoa pesa, ijue kwanza sababu ya maumivu yako. Miguu inayowaka moto na kupata ganzi inaweza kuwa ni sukari, na kipimo chake ni tone la damu. Mgongo unaouma usiku pamoja na homa, jasho na kupungua mwili unaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Mgongo ukiuma halafu miguu ikalegea au ukashindwa kuzuia haja, usingoje hata kesho, nenda hospitali siku hiyo. Humo ndimo ninamoiogopa leza kwenye mkono wa asiyejua: inaweza kukupa nafuu kidogo ukakaa nyumbani huku ugonjwa unakula ndani.

Ukishapimwa, ukampata mtaalamu wa fiziotherapia mwenye mashine hiyo, mlipe kwa kikao na mkubaliane mapema ni vikao vingapi kabla ya kupima kama kuna mabadiliko. Muulize kama kifaa kimesajiliwa na TMDA. Akikumulika bila kukuvalisha miwani ya kukinga macho, na yeye mwenyewe hana, simama uondoke. Asikumulike penye uvimbe usiojulikana, na mjamzito asimulikwe tumboni.

Nanyi vijana mlioko Dar, Mwanza, Muscat na kwingineko, mnaotuma pesa kwa wazazi: najua mapenzi yenu. Mama akisema mgongo unauma, msikimbilie kumtumia mashine mliyoiona kwenye simu. Tumeni nauli ya bajaji na pesa ya vipimo, na mmoja wenu apige simu kwa daktari aulize. Mwambieni pia anunuliwe kichanja cha kuanikia dagaa kinachofika kiunoni, aache kuinama mchangani. Hilo nimeliona likimsaidia jirani yangu kuliko vidonge vyote alivyokuwa akila.

Mzee wangu nilimwambia asiuze. Alinuna kidogo, akasema sisi mashehe tunapenda kuzuia. Nikamwambia sizuii, nataka tuanze mlangoni. Jumatatu in shaa Allah tunakwenda pamoja Maweni, aonwe na daktari, apimwe figo baada ya vidonge vya miaka yote hiyo, kisha tuulize habari za fiziotherapia. Tukiambiwa leza itamfaa, jamaa wa msikitini tutachangia vikao vyake. Mwombeeni dua.

Jana usiku wavu wake ulikuwa ziwani.

Wallahu a'lam.