Sabufa Nusura Itutenganishe

Barua zenu za mwezi huu nimezisoma: wivu, mawifi, simu zinazopokelewa chooni. Nitazijibu. Ila leo niruhusu nianze na kesi ya nyumbani kwangu mwenyewe, maana hata mhariri anayekushauri kila mwezi naye ana yake. Mshitakiwa hakuwa nyumba ndogo. Alikuwa sanduku jeusi la mbao, zito, lenye spika moja kubwa tumboni. Linaitwa sabufa.

Ilikuwa hivi. Mzee wangu alipolipwa malimbikizo yake alikwenda Kariakoo, akarudi na homu thieta nzima: resiva, spika tano na hiyo sabufa. Mimi sikuwa na neno. Tangu tukiwa wachumba, Ijumaa usiku ni ya filamu, bisi na kubishana nani kamaliza bisi. Nikajua penzi linaongezewa mafuta. Kumbe!

Wiki ya kwanza tu, vurugu. Mimi jioni hukaa kwenye meza ya chakula, imeegemea ukuta wa nyuma wa sebule, namalizia kusahihisha kurasa. Gari likilipuka kwenye filamu, mlio unanipiga kifuani na vikombe vinacheza kabatini. "Baba Junior, punguza basi!" Naye kutoka kwenye kochi lake la katikati ya sebule: "Nipunguze nini, wakati besi yenyewe haipo?"

Haipo? Nikaona ananifanyia kusudi. Yeye akaona nina gubu, sitaki apumzike ndani ya nyumba anayoilipia kodi. Nikipita naishusha, nikigeuka anaipandisha. Ikawa hatuongei habari ya sabufa tena, tunaongea habari ya "wewe siku zote" na "wewe hujawahi". Unazijua sentensi hizo, shoga yangu. Zikishaanza, chombo kinakuwa kisingizio tu.

Na jirani naye. Tumepanga nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja, na mama wa upande wa pili ana kichanga. Asubuhi moja alinikuta naanika nguo, akaniambia kwa upole, "Mama Junior, filamu zenu tunaziangalia wote, ila maneno tu ndiyo siyapati." Nilicheka, lakini aibu ilinishika. Alikuwa amesema kweli kabisa: maneno ukuta unayazuia, besi inapita.

Ijumaa ya tatu mzee hakuwasha kitu. Alitoka, akaenda kuangalia mpira na wenzake. Ya nne, hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akianza kufuata nje burudani aliyoinunua akaileta ndani, usimalize siku hujajiuliza.

Nikamwita rafiki yangu niliyesoma naye mawasiliano chuo kikuu, siku hizi ni fundi sauti redioni. Alikuja Jumapili, akanywa chai, hakugusa swichi hata moja. Alichosema ni hiki tu: "Shemeji, kakae kwenye meza ya mkeo. Na wewe kakae kwenye kochi lake." Akaweka filamu ile ile, sauti ile ile.

Mpenzi msomaji, nilikaa pale nikasubiri mlio unipige kifuani. Haukuja. Mlipuko ulikuwa mwembamba kama mtu anayefunga droo. Nikageuka, nikamwona mume wangu ameshika kikombe cha chai kisimwagike. "Duh," akasema. "Mama Junior, hivi ndivyo ulivyokuwa unasikia?"

Kumbe wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Fundi akatueleza. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa hezi 34 una wimbi la mita 10 hivi. Sebule yetu ina urefu wa mita 5, yaani nusu ya wimbi hilo inaingia humo barabara. Mlio unagonga ukuta, unarudi, unakutana na mwenzake. Kwenye kuta unarundikana, katikati unauana wenyewe kwa wenyewe. Kochi lilikuwa katikati, meza yangu ukutani. Mzee alikuwa anapandisha kitufe kujaza shimo ambalo kitufe hakiwezi kulijaza, na kila alichoongeza kilikuja kwangu na kwa kichanga cha jirani. Tena sabufa tulikuwa tumeisukumiza kwenye kona, na kona huikuza besi, kama mtu anayesemea ndani ya pipa.

Basi kama na wewe una chombo hiki kinakusumbua, fuata tulivyofanya. Huhitaji kununua kitu kipya.

Kwanza, mahali. Sogeza kochi kutoka katikati kabisa ya chumba. Letu tulilirudisha nyuma kama sentimita 70, ila halikugusa ukuta. Kisha iweke sabufa pale pale unapokaa, juu ya kochi. Ndiyo, juu ya kochi. Weka wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, halafu utambae sakafuni kufuata kuta ukiwa umeshusha masikio. Kuna mahali utasikia vuma tupu, kwingine hakuna kitu, na kuna mahali kila noti inasikika kwa uzito ule ule. Hapo ndipo pa kuiweka sabufa, kwa sababu njia ya sauti kutoka kochini kwenda pale ni sawa na ya kutoka pale kuja kochini. Sisi tulitambaa wote wawili, Junior akidhani ni mchezo akapanda mgongoni kwa baba yake. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka hivyo. Yetu ikaangukia karibu na kabati la TV, mbali na kona na mbali na ukuta wa jirani.

Pili, mgawanyo wa kazi. Kwenye resiva kuna krosova, ile inayoamua sauti ipi iende kwa spika ndogo na ipi kwa sabufa. Anza na hezi 80. Chini ya hapo sikio linapata shida kujua sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa inajificha, unadhani mlio unatoka kwenye TV. Kama resiva ndiyo inayogawa, kitufe cha krosova cha kwenye sabufa yenyewe kipeleke mwisho wa juu, wasigawe wawili kazi moja.

Tatu, swichi ya fezi, iliyoandikwa 0 na 180. Mmoja akae kwenye kochi, mwingine aibadilishe. Upande ambao besi inajaa zaidi pale kochini ndio wenu.

Nne, kiwango. Weka kitufe cha sauti cha sabufa katikati, kisha tumia mlio wa majaribio ulio ndani ya resiva. Kaa mahali pako, linganisha spika moja baada ya nyingine mpaka zilingane. Mafundi wengi hutumia desibeli 75. Simu za leo zina programu za kupimia, ila kwenye besi nyingi hazisomi vizuri, zichukue kama makadirio. Halafu maliza kwa sikio. Ukiisikia sabufa kama mgeni anayeropoka pembeni, imezidi. Ukiizima ukaona filamu imepooza, iko sawa.

Tano, usiku. Sauti ikipungua, sikio ndilo linaloanza kuipoteza besi. Fletcher na Munson walionyesha hilo Marekani mwaka 1933. Ndiyo maana baba akishusha sauti usiku anapandisha sabufa, na jirani ndiye anayelipa. Resiva nyingi zina mpangilio wa usiku unaopunguza tofauti kati ya mlipuko na mnong'ono. Utumie. Kipande cha godoro chini ya sabufa husaidia sakafu isitetemeke, lakini usidanganyike kwamba pazia na kapeti vitazuia besi isipite ukutani. Dawa yake ni kupunguza.

Tulipomaliza, nikachukua chupa ya chai nikaenda kwa jirani, mzee akabaki akicheza filamu kwa kiwango chetu kipya. Tulikaa na mama yule kando ya ukuta, kichanga mapajani. Mlipuko ulipita. Mtoto akaendelea kunyonya. "Hiyo naiweza," akasema mama. Tukakubaliana: ikifika saa tatu usiku, tunashusha kwa desibeli 6, na akituma ujumbe tunashusha tena bila swali.

Usiku ule nilimwuliza mume wangu zile Ijumaa mbili alikwenda kutafuta nini. Alikaa kimya kidogo. "Mpira wala sikuuangalia," akasema. "Niliona tu humu ndani kila nikigusa kitu nimekosea." Maneno hayo yaliniuma kuliko mlipuko wowote. Mimi nilidhani nalalamikia sauti. Yeye alisikia nalalamikia yeye. Na mimi nikamwambia langu, kwamba kila alipojibu "besi haipo" nilijiona mwongo ndani ya nyumba yangu.

Sitakudanganya kwamba tangu siku hiyo hatujagombana. Juzi tu tumegombea rimoti. Lakini sasa tuna neno letu: mmoja akianza "wewe siku zote", mwingine anasema "kaa kwenye kochi langu." Basi ananyanyuka, anakuja kukaa. Wakati mwingine anasikia ninachosikia. Wakati mwingine hasikii, ila amekuja.

Ijumaa zimerudi. Bisi bado ananimalizia.

Na wewe je, ni chombo gani kimewahi kuwagombanisha wewe na mwenzako? Niandikie. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.

Mhariri wako