Bangi Yawanyang'anya Vijana Wetu Hatamu



Wapo wasemao kwamba bangi humpa kijana nguvu za jembe na akili za darasani. Huo ni uongo! Sehemu ya mbele ya ubongo, ipimayo mambo na kuzuia hasira, haikomai hadi mtu akaribie miaka 25. Bangi huivuruga ingali changa: kumbukumbu hupungua, usikivu hutawanyika, kijana hutenda kabla ya kufikiri. Kisha twamwita mkaidi, twamchapa, twamfukuza shule. Muuzaji twamwamkia sokoni kwa heshima. Ni haki gani hiyo? Sheria ya mwaka 2015 yamhukumu alimaye na auzaye. Viongozi wa jumuiya, mtoto atibiwe, muuzaji afichuliwe. Anyamazaye ni mshirika wake.