Tamko la Wapagazi, Wapishi na Waongoza Watalii Kuhusu Vibali vya Kupanda Mlima Kilimanjaro

1. Sisi wapagazi, wapishi na waongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa mamlaka ya hifadhi na kwa kampuni zote zinazopeleka wageni mlimani.

2. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 na kuingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mgeni haruhusiwi kuelekea kileleni peke yake. Sharti apitie kampuni yenye leseni, aongozwe na mwongozaji anayetambuliwa, alipiwe ada ya kila siku na ajiandikishe langoni na kambini. Utaratibu huo tunauunga mkono kwa dhati, kwani mlima wa mita 5,895 hauingiwi kiholela.

3. Masikitiko yetu ni kwamba kibali humfuata mgeni hadi kileleni, ilhali mpagazi huachwa langoni. Pale langoni mizigo hupimwa, na kikomo ni kilo 20. Wanachama wetu wameshuhudia misafara ikipita kwenye mizani na wapagazi kamili, kisha msituni, kona ya kwanza tu, wawili watatu wakaamriwa kurudi nyumbani. Mizigo yao hufunguliwa hapo hapo njiani: mtungi wa gesi kwa huyu, viti vya wageni kwa yule, viazi juu ya kichwa cha mwingine. Karatasi inabaki kusema kilo 20.

4. Usiku nao una yake. Katika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, wapo wapagazi wasio na hema. Hungoja wageni wamalize kula ndipo wajilaze katika hema la chakula, na alfajiri huamshwa mapema ili meza zipangwe upya. Hili hatulikubali.

5. Msimamo wetu ni huu: kibali ni idhini ya dola, na idhini hiyo haiwezi kumlinda mgeni pekee ikamwacha aliyembebea hema. Tunaiomba mamlaka ya hifadhi iandike katika kila kibali jina la kila mpagazi, uzito aliokabidhiwa na mahali atakapolala. Mizigo ipimwe pia katika kambi za juu, bila taarifa. Na msafara usiolingana na kibali chake usimamishwe mpaka kasoro irekebishwe. Kampuni zinazotenda haki, nazo zipo na tunaziheshimu, hazitapoteza kitu. Tutaambiwa gharama zitapanda. Gharama hizo zimekuwapo miaka yote, ila zimelipwa kwa shingo na magoti ya vijana wetu.

6. Kwa hiyo tumeazimia kwamba, kuanzia msimu wa kiangazi ujao, hakuna mwanachama atakayepokea mzigo wa ziada baada ya kuvuka lango, wala mwongozaji mwanachama atakayetia saini orodha ya watu asiowaona mbele yake. Atakayenyimwa kazi kwa kutii azimio hili atatetewa na chama mbele ya vyombo vya sheria.

7. Tuko tayari kukaa na mamlaka na wenye kampuni wakati wowote kupanga utekelezaji. Kikomo cha kilo 20 hakitakuwa sehemu ya mazungumzo hayo.

Limetolewa Moshi, kwa niaba ya wanachama wote.