Sindano ya Nne na Mashaka ya Wananchi

Tarehe 2 Aprili 2025, wilayani Apac, kaskazini mwa Uganda, ilizinduliwa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo. Mahali penyewe palistahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Apac aliumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka mmoja. Chanjo hiyo hutolewa mara nne: mtoto akiwa na miezi sita, miezi saba, miezi minane, na mara ya mwisho akiwa na mwaka mmoja na nusu. Sindano tatu za mwanzo hujenga kinga mwilini, na ya nne huirudishia nguvu wakati inapoanza kulegea.

Juu ya zile tatu hatuna wasiwasi mkubwa, kwa kuwa mama wa Uganda amezoea kumpeleka mtoto kliniki katika mwaka wake wa kwanza. Wasiwasi wetu uko juu ya ile ya nne. Katika nchi za Ghana, Kenya na Malawi, ambako chanjo ya malaria iliyotangulia hii ilianza kutolewa mwaka 2019, ilionekana wazi kwamba watoto waliorudishwa kwa sindano ya nne walikuwa wachache kuliko waliopata ya tatu. Si ajabu. Kati ya mwezi wa nane na wa kumi na nane ni muda mrefu, mtoto anatembea, anacheza, na mama amekwisha kurudi shambani au sokoni. Akiulizwa na jirani, husema kwa moyo mweupe kwamba mtoto wake amekwisha kuchanjwa.

Lakini kusahau ni sehemu moja tu ya jambo hili. Sehemu nyingine ni mashaka, na mashaka hayo tunayafahamu sote tangu miaka ya ugonjwa wa korona. Yafaa tuyatazame bila kuona haya, hasa sisi tunaoandika ukurasa huu na ninyi askari wa jeshi na polisi mnaousoma, kwa sababu ninyi mlikuwa katikati ya mambo yale.

Tukumbuke yalivyokuwa. Chanjo ya korona ilianza kutolewa Uganda tarehe 10 Machi 2021. Askari na polisi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupewa, pamoja na waganga, walimu na wazee. Wananchi wengi walielewa kwamba kazi ni ya sindano mbili, kisha basi. Haukupita muda mrefu India, ambako chanjo ile ilitengenezwa, ikazuia kuisafirisha nje kwa kuwa maradhi yalikuwa yakiiangamiza nchi yenyewe, na waliopata sindano ya kwanza wakakaa wakiingojea ya pili. Mwezi wa Juni mwaka huo wimbi la pili likaipiga nchi yetu. Katika siku hizo hizo za hofu walitokea matapeli mjini Kampala waliowadunga watu wasiopungua 800 maji matupu na kuwatoza fedha. Mwanzoni mwa mwaka 2022 watu wakaambiwa kuna sindano ya nyongeza. Hapo ndipo likazuka swali lililosikika katika kila teksi na kila kilabu cha pombe: ikiwa ya kwanza na ya pili zilifanya kazi, hii ya tatu ni ya nini? Na ikiwa hazikufanya kazi, mbona tulichomwa?

Sisi twasema swali hilo halikuwa la kijinga. Aliyeuliza hivyo alikuwa anatumia akili yake kama anavyoitumia anapouziwa jembe ambalo muuzaji anamtaka alirudishe dukani kila baada ya miezi sita. Makosa yalikuwa ya wale waliomdharau badala ya kumjibu. Jibu lilikuwepo, tena si gumu. Mwili uliochanjwa hutengeneza kinga nyingi kwa wakati mmoja, kisha kinga hiyo hupungua polepole. Kwa maradhi mengine hudumu miaka mingi, kwa mengine miezi tu. Kijidudu cha korona kilikuwa kikibadilika sura, na kile kilichojitokeza mwishoni mwa mwaka 2021 kiliweza kumpata hata mtu aliyechanjwa, ingawa chanjo iliendelea kuwaokoa wengi wasifike kwenye ugonjwa mkali na kifo. Mwananchi aliona jambo moja tu: jirani aliyechanjwa amelala na homa. Hakuweza kuona kifo ambacho hakikutokea.

Badala ya maelezo ikaja adhabu. Mapema mwaka 2022 bunge lilipelekewa muswada wa kurekebisha sheria ya afya, ambao ndani yake lilikuwamo pendekezo la kumtoza mtu aliyekataa kuchanjwa faini ya shilingi milioni nne au kumfunga jela miezi sita. Pendekezo hilo lilizua ubishi mkubwa nchini. Ni nani angekwenda kumkamata mtu huyo? Polisi. Na polisi, pamoja na askari wengine, ndio waliokuwa wamepewa kazi ya kusimamia amri ya kutotoka nje usiku na kufungwa kwa biashara, ambapo baadhi yao walitumia fimbo kuliko ilivyopasa. Mwananchi aliyepigwa mwaka 2020 kwa kuchelewa kufika nyumbani hakuweza kuitazama sindano ya mwaka 2022 kama kitu cha hisani. Mwishowe mamilioni ya dozi yalipitwa na wakati yakiwa ghalani.

Tena kuna jambo ambalo halikutangazwa kwa sauti kubwa kama zilivyotangazwa amri. Mwezi wa Machi 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba kwa mtu mzima mwenye afya njema ambaye si mzee, si mjamzito wala si mhudumu wa afya, hakuna haja ya kuendelea kumpa sindano za kukumbushia kila mara baada ya ile ya kwanza ya nyongeza. Wazee na wenye maradhi mengine ndio waliopaswa kuendelea. Hali kadhalika homa ya manjano: kwa miaka mingi askari aliyetumwa ng'ambo alilazimika kuchanjwa upya kila miaka kumi, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha chanjo hiyo kinatambuliwa mipakani kwa maisha yote ya mtu. Watafiti walikwisha kuona kwamba kinga yake haifi kwa muda wa miaka kumi. Habari za namna hii zilifaa kupewa nafasi kubwa magazetini, na letu hili likiwamo. Mtu akijua kwamba waganga hufuta sindano isiyohitajika, atawaamini zaidi wanaposema kwamba nyingine inahitajika.

Ipo inayohitajika, nayo inamhusu askari kuliko mtu mwingine yeyote. Pepopunda hukaa katika udongo na samadi, huingia kwa jeraha, hukaza taya na mgongo, na huua hata leo. Hauambukizwi na mtu kwa mtu. Kwa hiyo hata kikosi kizima kikichanjwa ukabaki wewe mmoja, kinga ya wenzako haitakufaa kitu. Aliyeupata akapona hapati kinga, yaani aweza kuupata tena. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari waliojeruhiwa katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa, yaliyorutubishwa kwa samadi, walikufa kwa pepopunda baada ya kunusurika na risasi. Katika Vita vya Pili jeshi la Marekani liliwachanja askari wake na kuwapa sindano za kukumbushia. Miongoni mwa majeruhi zaidi ya milioni mbili na nusu waliolazwa hospitalini, waliopata pepopunda walikuwa 12 tu.

Sasa tutazame nyumbani. Mama mjamzito akifika kliniki huchomwa sindano ya pepopunda, na akifuata utaratibu hupata tano kabla ya kumaliza miaka yake ya kuzaa. Kwa kazi hiyo Uganda ilithibitishwa mwaka 2011 kwamba pepopunda ya watoto wachanga na mama zao si tishio tena la taifa. Na baba? Yeye alichomwa alipokuwa mtoto mchanga, kama alichomwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita. Jambo hili lilifichuliwa na tohara. Wanaume walipoanza kutahiriwa hospitalini kwa wingi ili kupunguza hatari ya ukimwi, baadhi yao, wengi wakiwa wa Uganda, walipatwa na pepopunda kwa njia ya kidonda, na wengine walifariki. Waganga walipopima kinga ya wanaume wakakuta iko chini sana kuliko ya wanawake. Tangu hapo anayetahiriwa huulizwa kwanza habari za chanjo ya pepopunda.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na msiba wa namna nyingine. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, wakidai kwamba ndani yake mlikuwa na dawa ya kufunga uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Lakini tukitazama vizuri, mashaka yale yalianzia kwenye maswali mawili: kwa nini sindano tano, na kwa nini wanawake peke yao? Kwa swali la kwanza jibu lipo katika mwili wa binadamu. La pili linatugusa sisi wanaume. Kama baba, kaka na askari wa kituo cha jirani wangekuwa wanapanga mstari mmoja na mama, uvumi ule usingepata pa kushika.

Hatari ya kuacha sindano za kukumbushia haimngoji mtu mmoja mmoja tu. Nchi za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti zilikuwa zimelidhibiti dondakoo kwa miaka mingi hata watu wakalisahau. Kinga ya watu wazima ikaisha kimya kimya, na chanjo za watoto nazo zikalegea kwa sababu ya hofu na uvumi. Mwaka 1990 ugonjwa ukalipuka, na makuruta waliokusanywa kambini bila kinga ya kutosha walikuwa miongoni mwa waliousambaza. Hadi mwaka 1998 watu zaidi ya 150,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 5,000 walikuwa wamekufa, wengi wao wakiwa watu wazima waliodhani kwamba dondakoo ni maradhi ya watoto.

Turudi sasa kwenye ile sindano ya nne ya malaria. Sisi tunaona ni heri isisukumwe kwa amri wala kwa faini. Mtu aliyevaa sare ana njia mbili tu za kusaidia. Ya kwanza ni ya mwili wake mwenyewe: aende zahanati ya kambi aulize alichomwa lini pepopunda, kwa kuwa mganga atakayeshona jeraha lake atamwuliza kama imepita miaka mitano au kumi, na askari wengi hawana jibu. Raia wanaoishi jirani na kambi huona nani anaingia zahanati na nani anakwepa.

Ya pili ni ya nyumbani. Hakuna familia zinazohamahama katika nchi hii kama za askari na polisi. Mtoto amezaliwa Gulu, amechomwa ya kwanza na ya pili Gulu, baba akapata uhamisho kwenda Mbarara, ya tatu ikachelewa, na kadi imebaki katika sanduku lililotangulia na lori. Muuguzi wa Mbarara hamjui mtoto huyo. Wa Gulu anamhesabu kuwa ametoroka. Katika orodha ya vitu vinavyopakiwa siku ya uhamisho, kuanzia kitanda hadi kuku, hatujapata kusikia kadi ya chanjo ikitajwa na mkuu wa kikosi. Mtoto aliyechomwa sindano ya kwanza mwezi wa Aprili 2025 akiwa na miezi sita, zamu yake ya nne huangukia Aprili 2026, na baba yake aweza kuwa lindoni Mogadishu. Atakayemkumbusha mama ni afande jirani wa nyumba ya pili, kama ameelezwa sindano hiyo ni ya nini.